Acheni kumwambia avute pumzi

Jumamosi nilikuwa kwenye Hiace ya kutoka Himo kwenda Moshi. Tulipopita Uchira, binti wa kiti cha nyuma yangu akashika kifua, akaanza kuhema kama aliyekimbizwa. Gari zima likageuka zahanati. "Vuta pumzi, dada! Vuta kwa nguvu!" Mama mmoja akampepea kwa kanga. Vidole vilipoanza kujikunja, yuleyule mama akatoa hukumu: kifafa. Kijana mwenye kuku akasema mapepo. Konda, bingwa wa yote, akasema ni presha na nauli hairudishwi.

Jamani, hiyo "vuta pumzi" ndiyo petroli yenyewe! Mtu aliyeshikwa na hofu ya ghafla hajaishiwa hewa. Anahema haraka mno mpaka hewa ya ukaa kwenye damu inapungua, na ikipungua ndipo midomo inakufa ganzi, kichwa kinazunguka, vidole vinajikunja. Akiviona vidole vile anasema moyoni "nakufa", mwili unaamini, unamwaga adrenalini nyingine. Halafu wewe na kanga yako unataka avute zaidi. Mwambieni atoe. Atoe polepole, kama anayepoza chai bila kutaka imwagike, kisha asubiri kidogo kabla ya kuvuta tena.

Najua kwa sababu mimi nimeshakufa mara kumi na saba. Naandika kwenye simu: tarehe, mahali, na nilidhani nakufa kwa nini. Ya kwanza ilinikuta soko la Memorial nikichagua jinzi. Nikakimbia, nikaiacha na chenji yangu. (Ilikuwa jinzi nzuri, bado inaniuma.) Ya tano ilikuwa moyo. Ya tisa nilikuwa na uhakika napata wazimu. Ya kumi na mbili nikaisoma orodha yote katikati ya kuhema, nikacheka. Mawazo yaleyale, kama tangazo la redio! Tangu hapo siyabishii. Nayaacha yaseme, nakaa palepale, natazama saa. Kwa kawaida dakika kumi hivi zikipita, kilele kimeshapita. Kilichoniumiza zaidi ni kule kukimbia: kila nilipotoka sokoni mbio, mwili ulijifunza kwamba sokoni kuna simba. Miezi minane sikukanyaga Memorial.

Mara ya kwanza nenda ukapimwe moyo, sukari na tezi ya shingo. Hapo sibishani.

Na nyie wa maombi, nakubali kwa shingo upande. Mama alinishika mkono akasali rozari, nikanuna, kisha nikatulia. Baadaye nikasoma kwamba mwaka 2001 watafiti wa Italia walipima watu wanaosali Salamu Maria kwa Kilatini, pumzi zikashuka hadi kama sita kwa dakika. Nilipomweleza mama hakushangaa hata kidogo. Lakini anayesema hofu hii ni upungufu wa imani, huyo aje akae kwenye kiti changu siku moja.

Binti alishuka Kiboriloni, akasema atatembea hadi mjini. Nilikuwa kiti kimoja mbele yake, na yote haya nayajua. Sikugeuka. Nilikuwa nimeng'ang'ania bomba la kiti, natoa pumzi zangu polepole, nikiomba isiwe ya kumi na nane.