Mtoto wa Ukara hakwami kwenye ada

Kila Juni bajeti ikisomwa Dodoma, mitandaoni tunagawanyika kambi mbili. Kuna wanaotaka ada ya chuo kikuu ifutwe moja kwa moja, na kuna wanaouliza hiyo pesa itatoka wapi. Mimi nina stationari ndogo hapa Igoma, Mwanza, na kuanzia Julai mpaka Septemba kazi inayonilisha ni kujaza maombi ya chuo na ya mkopo. Kwa ninayoyaona mezani kwangu, kambi zote mbili zinabishania kitu ambacho watoto wengi hawajafika hata kukutana nacho.

Kwanza nitoe haki inapostahili, maana serikali haijakaa bure. Ada ya sekondari mpaka kidato cha nne iliondoka Januari 2016, ya kidato cha tano na sita ikafuata mwaka wa fedha 2022/23. Bajeti ya mikopo ya elimu ya juu ilikuwa shilingi bilioni 464 mwaka 2020/21, mwaka uliofuata ikawa bilioni 570, na kufikia 2024/25 ilikuwa imevuka bilioni 780. Pesa ya kujikimu imetoka shilingi 8,500 kwa siku ikawa 10,000. Na ilikuwa hapa hapa Mwanza, Uwanja wa CCM Kirumba, Mei Mosi ya 2021, Rais Samia alipotangaza kuifuta ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Walimu walikuwa wanakuja dukani kuprinti taarifa za deni zao, wanakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, halafu wakiangalia salio wanashika kichwa. Shangwe za siku ile nilizielewa kabisa.

Ila hayo karibu yote yanamgusa mtu ambaye ameshaingia chuo au ameshatoka. Kuna kipindi cha katikati ambacho hakina mwenyewe: tangu matokeo ya kidato cha sita yatoke Julai mpaka siku mwanafunzi anaposaini bumu lake la kwanza, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo, Novemba, na pengine zaidi ya hapo. Miezi hiyo ni ya mzazi na mfuko wake, na ndiyo inayoamua nani anaenda na nani anabaki.

Tuhesabu kidogo. Ada ya maombi ya mkopo ni shilingi 30,000, na hairudi hata ukikosa. Chuo nacho kina ada yake ya maombi. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Kama baba au mama amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Fomu igongwe muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, kisha iende kwa wakili au hakimu. Mdhamini apatikane, awe na kitambulisho cha NIDA na picha. Halafu tupo sisi wa stationari, tunaskani, tunapakia kwenye mfumo, tunatoza. Sijifanyi malaika, na mimi natoza.

Mtoto wa Nyamagana, hapa hapa jijini, akikosea kitu anarudi kesho asubuhi kwa daladala. Wa Ukara, kisiwa cha wilaya ya Ukerewe ndani ya Ziwa Victoria, anapanda kivuko mpaka Bugolora, gari mpaka Nansio, ndipo aisubiri meli ya kuja Mwanza. Agosti ya mwaka jana mama mmoja wa huko alinikuta ndiyo kwanza nafungua duka. Bahasha ya kaki alikuwa ameivingirisha ndani ya kitenge isije ikalowa, na binti yake yuko nyuma, kimya, ana daraja la kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa wewe ndiye unayejua haya mambo ya mkopo."

Nikaanza kutoa karatasi moja moja. Kwenye cheti cha kuzaliwa jina la baba limeandikwa Mabhula. Kwenye cheti cha kidato cha nne cha binti ni Mabula. Kitambulisho cha baba mwenyewe kinasema Mabura, nadhani aliyeandika alikuwa na haraka zake. Yeyote aliyekulia Usukumani anajua huyo ni mtu mmoja, na mama aliniambia hivyo hivyo, kwamba yeye ndiye mkewe, ampoteze vipi. Tatizo mfumo haujakulia Usukumani. Ikabidi waende mjini kutafuta wakili wa kuandika hati ya kiapo, walale siku mbili kwa shemeji Mabatini, warudi. Hela yote hiyo ilikuwa ya dagaa aliyouza soko la Mwaloni, hela ambayo kwa hesabu zake ilikuwa ya godoro la chuo.

Kinachoniudhi ni kwamba serikali inayomdai huyu mama ushahidi wa umaskini tayari inao. Baraza la Mitihani linajua binti kasoma shule ya kata. Kama kaya yao iko TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, jina liko kwenye daftari, na vijijini umaskini ulishahojiwa hadharani kwenye mkutano wa kijiji. NIDA wanamjua baba. Ofisi zote hizo ni za serikali moja. Kwa nini kazi ya kuzunguka na karatasi, kutoka dirisha moja la serikali kwenda dirisha lingine la serikali hiyo hiyo, apewe asiye na nauli?

Tuseme amepita yote, amepata chuo na mkopo umetoka. Hajamaliza. Bumu linakuja kwa robo, shilingi 600,000 za siku 60, na linakuja ukishasajiliwa chuoni na kusaini. Kama mkopo haukufunika ada yote, kipande kilichobaki mara nyingi kinatakiwa kabla ya usajili. Usiposajiliwa husaini, na usiposaini hakuna bumu. Wakati huo mwenye chumba kule Malimbe, jirani na chuo, anataka kodi ya miezi mitatu kwa mkupuo, wengine sita, na geto lenyewe halina hata kitanda. Ndoo, jiko la gesi, neti. Kwa mtu mwenye mshahara ni usumbufu wa wiki moja. Kwa mvuvi ambaye mwezi huo mwanga wa mbalamwezi umeharibu dagaa ni mwisho wa safari. Nawafahamu vijana wenye barua ya udahili kwenye simu, majina yao yapo kwenye orodha ya waliopangiwa mkopo, na leo wanasajili laini stendi ya Nyegezi.

Ndiyo maana sina hamu sana na kauli ya "ada bure kwa wote". Ukifuta ada ya chuo kikuu kesho, wa kwanza kunufaika ni mtoto ambaye mzazi wake alimlipia shule binafsi tangu chekechea. Yeye atafika chuoni kwa vyovyote vile. Yule wa Ukara anahitaji laki tatu au nne za Oktoba kuliko anavyohitaji msamaha wa ada ya mwaka wa tatu.

Wamarekani wamejaribu kufuta ada jimbo kwa jimbo, na matokeo yao yanafundisha. New York walianza mwaka 2017 mpango wa kulipia ada za vyuo vya umma kwa familia ambazo kipato hakizidi kiwango fulani, na lawama kubwa ikawa hii hii ninayosema, kwamba ada imelipwa lakini chakula, kodi na vitabu vimebaki palepale. Tennessee nao walipitisha mpango wao mwaka 2014, wanafunzi wa kwanza wakaingia 2015. Mpango huo unalipia kile kipande cha ada ya chuo cha miaka miwili ambacho misaada mingine haikufunika. Kwa upande wa fedha ni mpango wa kawaida. Kilichonivutia ni kwamba kila mwanafunzi hupewa mlezi wa kujitolea, mtu mzima wa eneo lake, kazi yake kumkumbusha tarehe na kumsaidia na fomu. Mwanafunzi naye anafanya saa 8 za kazi ya kujitolea kila muhula. Hapa kwetu mlezi huyo ndiye mimi, na bei yangu imebandikwa ukutani.

Kuna na suala la umbali, na hapa Mwanza tuna haki ya kulalamika. Mkoa wenye watu zaidi ya milioni 3.6 kwa sensa ya 2022, jiji la pili kwa ukubwa nchini, na hatuna chuo kikuu cha umma chenye makao yake makuu hapa. Tulichonacho ni matawi ya vyuo vya umma na vyuo vikuu vya Kanisa. Mtakatifu Augustino pale Malimbe kilianzia chuo cha Nyegezi kilichofunguliwa mwaka 1960 na Askofu Blomjous, kikawa chuo kikuu mwaka 1998, na Bugando wanatupa madaktari. Nawashukuru kweli, wametubeba. Lakini chuo binafsi kinaishi kwa ada, hakiwezi kuishi kwa shukrani zangu. Anayetaka cha umma anapanda basi la Dodoma au Dar es Salaam, na hapo gharama ya Oktoba inaanza upya.

Mradi ule wa elimu ya juu wa dola milioni 425 za Benki ya Dunia unasogeza mambo. Chuo Kikuu Ardhi kinajengewa kampasi Sengerema, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajengewa Bukoba, na Butiama kuna chuo kikuu cha kilimo na teknolojia kwa jina la Mwalimu. Daraja la Kigongo–Busisi nalo limefunguliwa Juni 2025, kwa hiyo kwenda Sengerema siku hizi hakukupotezei nusu siku ukisubiri kivuko. Mabweni ndiyo nayoyaulizia. Kampasi isiyo na mabweni ya kutosha inamzalishia mwenye nyumba za kupanga soko jipya, na tutaona Malimbe nyingine.

Vyuo vya kati nitavigusa tu, ingawa vingestahili makala yake. Mwaka 2023/24 mikopo ilianza kutolewa kwa baadhi ya kozi za stashahada, na ada ikaondolewa kwenye vyuo vichache vya ufundi vya serikali, ikiwemo DIT, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, ambayo ina kampasi hapa Mwanza. Ni hatua nzuri. Ningependa kuona kozi za uvuvi za Nyegezi zinapewa uzito huo huo, maana kijana wa visiwani anayejua injini za boti na ufugaji wa samaki kwenye vizimba hahitaji kutafutiwa ajira Dodoma.

Nikisema robo ya kwanza ya bumu itangulie, itumwe kwenye simu ya mwanafunzi aliyethibitisha udahili, wiki tatu kabla chuo hakijafunguliwa, najibiwa kwamba watakula hela na hawataonekana. Wapo watakaokula. Lakini hela hiyo ni mkopo, imeandikwa kwenye namba ya NIDA, na namba hiyo itamfuata siku akiajiriwa au akitaka kukopa benki. Na si lazima iwe laki sita zote. Nauli na kodi ya mwezi mmoja vinatosha, nyingine asaini akifika. Ile 30,000 ya maombi pia iingizwe kwenye deni lake badala ya kudaiwa taslimu mwezi Julai. Sisi wa stationari tutapoteza wateja, hilo tutajua wenyewe.

Kama wizara inaogopa kuanza nchi nzima, ichukue wilaya mbili za visiwa, Ukerewe na Mafia, kwa mwaka mmoja wa masomo. Majina ya waliomaliza kidato cha sita wanayo Baraza la Mitihani, ya kaya maskini wanayo TASAF, na namba za simu ziko kwenye fomu walizotulipa sisi kuzijaza.