Kiongozi ni Yule Ambaye Maneno Hupitia Kwake

Kikundi kikianza kuyumba, watu hukimbilia kubadilisha katiba na vyeo. Naona wanaanza pabaya. Muundo halisi wa chama, kamati au idara ni njia zinazopita maneno: nani humwuliza nani, nani hupata habari kwanza, nani husikia uamuzi ukiwa umeshapoa.

Mwaka 1951 Harold Leavitt, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha jaribio la vikundi vya watu watano waliowasiliana kwa kuandikiana tu. Baadhi walipangwa kwa duara, wengine kwa mfano wa gurudumu, ambapo kila mmoja aliweza kumwandikia mtu wa katikati peke yake. Gurudumu lilikuwa na makosa machache kuliko duara, na karibu wote walimtaja yule wa katikati kuwa kiongozi ingawa hakuna aliyempa cheo. Ila waliokaa pembeni hawakuifurahia kazi kama wenzao wa duara. Madaraka yalizaliwa na mahali pa kukaa tu.

Halafu kuna hesabu ambayo viongozi wengi hawaifanyi. Watu 5 wana njia 10 za kuzungumza wawili wawili. Watu 12 wana 66. Watu 50 wana 1,225. Kwa hiyo utaratibu uliowafaa wanane huvunjika wakifika thelathini, hata kama kila mtu ana nia njema. Wagawe katika vikundi vya watano hadi saba, na kila kikundi kiwe na wajumbe wawili wa kukiunganisha na vingine. Akiwa mmoja, ataanza kuchuja habari, na siku akiugua kikundi kizima kinabaki gizani.

Maneno yenyewe nayo hupanga watu. Muhtasari ukisema “imeazimiwa suala hili lifuatiliwe”, hakuna wa kulifuatilia. Azimio linalofanya kazi lina jina la mtu, tendo, tarehe, na mtu atakayepelekewa taarifa. Kikikosekana kimoja, ajenda hiyohiyo itarudi mkutano ujao ikiitwa “yatokanayo”.

Mahali pengine uzembe huu huua. Tarehe 27 Machi 1977, huko Tenerife, kisiwa cha Hispania, ndege mbili za Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia na watu 583 wakafa. Ukungu ulichangia, na mawimbi ya redio yaliingiliana. Lakini pia maneno ya marubani wa ndege moja, ya shirika la KLM la Uholanzi, kuhusu kuruka yalieleweka vingine na mwongozaji wa ndege, na fundi aliyekaa nao humo ndegeni alipouliza kama ndege ya pili imeshaondoka njiani, rubani mkuu alimjibu kwa uhakika na safari ikaendelea. Baadaye neno la kuruka (kwa Kiingereza “takeoff”) likawekewa mipaka: hutumika tu ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa. Kurudia maagizo kwa sauti kukasisitizwa, na walio chini wakafundishwa kumpinga mkubwa waziwazi.

Mkutano wa kawaida unaweza kuazima hayo mawili ya mwisho: aliyepewa kazi airudie kwa maneno yake kabla ya kuondoka, na mwenyekiti azungumze wa mwisho. Akitangulia, wengi wataitikia tu.

Lugha ya kikao ndiyo hoja inayokwepwa zaidi. Ikiwa ni ile wanayoimudu wachache, hao wachache ndio watakaoandika muhtasari, na anayeandika muhtasari huamua kilichosemwa. Sambazeni hoja siku mbili kabla, katika lugha ya walio wengi, kisha kura ipigwe baada ya mtu asiye mtoa hoja kuieleza upya.