Asilimia 85 ya barabara zimefaulu. Zilizobaki ziko wapi?

Chukua barabara kumi zinazoingia mjini asubuhi, kila moja ikipitisha magari 1,000 kwa saa kwa hesabu ya vijana waliokaa kando ya lami na karatasi zao. Programu ya modeli ya mtandao wa barabara, yaani kompyuta inayoiga mwendo wa magari mjini, inasema kila moja ina 1,150. Kwa kipimo cha GEH, kinachopima pengo kati ya modeli na hesabu ya barabarani, kila barabara inapata 4.6, na chini ya 5 ni ufaulu. Kumi kwa kumi. Sasa zijumlishe: 10,000 ya kweli, 11,500 ya modeli. GEH ya jumla inaruka hadi 14.5. Magari 1,500 yasiyokuwepo yameingia mjini, na hakuna barabara hata moja iliyoshtuka.

Kipimo hiki kilibuniwa na Geoffrey E. Havers, mpangaji wa usafiri wa London, miaka ya 1970. Unachukua mraba wa tofauti, unauzidisha kwa mbili, unagawanya kwa jumla ya idadi zote mbili, kisha unatoa kipeuo cha pili. Uzuri wake ni kwamba kinavumilia kosa la magari 50 kwenye barabara kuu lakini hakilivumilii kwenye kichochoro. Maelekezo ya Uingereza yakataka angalau asilimia 85 ya vipande vya barabara viwe chini ya 5, na kanuni hiyo ikasafiri dunia nzima, hadi kwetu.

Wanaoitetea wana hoja, na si ndogo. Hesabu yenyewe ya barabarani si msahafu: ya mkono, ya siku moja, huchukuliwa kuwa inaweza kupotoka kwa takribani asilimia 10. Kuidai modeli ifanane na hesabu kuliko hesabu inavyofanana na yenyewe siku ya pili ni kujisumbua. Tena bila mstari wa kufaulu, ukaguzi hauna mwisho. Kila mkaguzi atakuja na swali lake, na mradi utakaa kwenye makabati.

Ndiyo maana mkaguzi huonekana mkorofi. Nimekaa kwenye vikao ambako mtu aliyeuliza swali la tatu kuhusu modeli aliangaliwa kama anayechelewesha chakula. Ila mara nyingi anayeelewa programu ni huyo huyo.

Maelekezo hayohayo ya Uingereza yanataka pia jumla ya magari yanayokatiza mstari mzima wa kufikirika unaokata barabara kadhaa, kama zile kumi, isipishane na hesabu kwa zaidi ya asilimia 5. Kwenye ripoti, sharti hilo husahaulika na asilimia 85 hubaki, kwa sababu ni sentensi moja na inapendeza. Mkaguzi akiuliza jumla, anauliza jambo ambalo kanuni yenyewe inalijua.

Kisha anauliza: hesabu zilizotumika kuipima modeli ndizo zilizotumika kuirekebisha? Programu nyingi zina uwezo wa kulichukua jedwali la safari, yaani nani anatoka wapi kwenda wapi, na kulivuta hadi lilingane na hesabu za barabarani. Halafu matokeo yanapimwa kwa hesabu zilezile. Huo ni mtihani uliovuja. Safari fupi za kubuni hujazwa hapa na pale ili kufunika pengo. GEH inang'aa, huku jedwali likieleza mji ambao hakuna anayeishi humo.

Swali ninalolipenda zaidi ni la foleni. Mhesabuji akisimama kwenye makutano ya Dar es Salaam au Nairobi saa moja asubuhi, askari wa trafiki akiwa ndiye taa, anahesabu magari yaliyoruhusiwa kupita. Yaliyosimama nyuma hayaandiki. Kama yamepita 1,200 na 400 yanasubiri, mahitaji ni 1,600, na modeli iliyosema 1,200 imepata alama kamili kwa kukosea. Ukiisadiki, ukapanua makutano, yale 400 yatatokea siku ya ufunguzi na watu watasema barabara mpya imeleta foleni. Programu kama SATURN, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Leeds, hutenganisha magari yanayotaka kupita na yanayopita kweli. Msomaji asiyetazama safu zote mbili ameacha nusu ya jibu ndani ya kompyuta.

Lipo pia suala la utulivu. Tangu John Wardrop aandike mwaka 1952, modeli hutafuta hali ambayo hakuna dereva atakayenufaika kwa kubadili njia, na programu huirudia hesabu mara nyingi ili kuikaribia. Tuseme mtandao mzima unatumia saa 20,000 za magari na pengo lililobaki kufikia hali hiyo ni asilimia 0.1. Hizo ni saa 20. Ripoti ikisema kipilefti kipya kitaokoa saa 15, sijui kama imekiona kipilefti au mtikisiko wa hesabu.

Na hata modeli iliyofaulu yote hayo imefaulu kuhusu leo. Handaki la kulipia la Clem7 la Brisbane, Australia, lilifunguliwa Machi 2010. Magari yakaja chini ya nusu ya yaliyotabiriwa, na kufikia Februari 2011 kampuni iliyoliendesha ilikuwa mikononi mwa wafilisi. Mwaka 2015 waliotoa utabiri walikubali kulipa dola za Australia milioni 280. GEH isingeweza kuwaonya: huwezi kuhesabu magari kwenye handaki ambalo bado ni mwamba, wala kupima leo uchungu wa dereva mbele ya tozo ya kesho.

Kwa hiyo nikiletewa asilimia 85, naomba ramani. Vipande vilivyofeli vipakwe rangi nyekundu. Vikiwa vimetawanyika pembezoni mwa mji, tuendelee na kikao. Vikiwa vimelizunguka daraja linaloombewa pesa, mwenye swali la tatu apewe kiti.