Kisogo kikigeukia mgongo wa mama: kusubiri au kuzungusha?

Mkunga akisema mtoto ametanguliza kichwa, wengi hushusha pumzi. Mapema mno. Kidevu kikiwa kimebana kifuani na kisogo kikielekea kinena cha mama, upana wa kichwa unaopenya kwenye nyonga ni kama sentimita 9.5. Kisogo kikigeukia mgongo wa mama, kidevu huelekea kuinuka na upana hukaribia 11.5. Paji la uso likitangulia ni 13.5 hivi, na mtoto aliyetimiza miezi yake hapiti hapo.

Ubishi uko kwenye hali ya katikati, ya kisogo nyuma. Wanaoshauri subira wana hoja nzito: uchungu unapoanza, watoto kati ya 15 na 30 katika kila 100 wamekaa hivyo, lakini wanaozaliwa bado wako hivyo ni kama 5 tu. Waliobaki hugeuka, wengi wao bila mtu kuwagusa. Mama kupiga magoti na kushika chini kwa mikono humpunguzia maumivu ya mgongo. Kwamba kunamgeuza mtoto, hilo halijathibitika, ingawa husemwa sana.

Subira nayo ina gharama yake. Uchungu hurefuka, mama hutamani kusukuma kabla mlango wa kizazi haujafunguka wote, na uwezekano wa kuishia kwenye upasuaji, au kuchanika hadi msuli wa njia ya haja kubwa, huongezeka. Ndiyo maana wapo wanaotaka mtoto azungushwe kwa mkono njia ikishafunguka kabisa: mkono huingizwa, kichwa hushikwa na kugeuzwa taratibu huku mama akisukuma. Ni kazi ya dakika chache. Lakini kamba ya kitovu inaweza kutangulia kichwa, ingawa ni nadra, na majaribio yaliyofanywa hayajakubaliana: mengine yameonyesha nafuu, mengine hayakuona tofauti.

Mimi naegemea subira, maadamu mapigo ya moyo wa mtoto ni mazuri na kichwa kinaendelea kushuka. Kikigoma, nitamuunga mkono anayezungusha kabla ya anayekimbilia kisu, alimradi mkono wake umezoea kazi hiyo.

Ila naona pande zote mbili zinaruka swali la kwanza: nani amehakikisha kisogo kiko wapi? Kwa vidole, mkunga hutafuta utosi, sehemu laini za fuvu. Wa mbele una pembe nne, wa nyuma una tatu. Rahisi kuandika. Baada ya saa nyingi za uchungu ngozi ya kichwa huvimba, mishono ya fuvu, yaani maungio ya mifupa yake, hupotea chini ya uvimbe, na hata mzoefu hukosea. Kipimo cha ultrasaundi kikiwekwa juu kidogo ya kinena, macho mawili ya mtoto yakionekana yanatazama juu, ubishi umekwisha. Pasipo kipimo hicho, heri vidole vya watu wawili kuliko vya mmoja.

Uso ukitangulia, mjadala huu haupo. Kidevu kikiwa mbele, mtoto anaweza kuzaliwa kwa njia ya kawaida, japo kifaa cha kuvuta kwa hewa hakiwekwi kamwe usoni. Kidevu kikibaki nyuma shingo haina pa kukunjikia, na upasuaji haungoji.