Hedifoni za milioni moja: anayezibeza ahesabu na sauti

Hapa Majengo, Mtwara, ukionekana na hedifoni kubwa za kuzima kelele, swali la kwanza ni bei. Sony WH-1000XM5 zilitoka mwaka 2022 kwa dola 400 hivi Marekani, karibu milioni moja ya kwetu. Korosho ikienda shilingi 4,000 kilo, umebeba kilo 250 kichwani. Ndiyo maana wengi wanaziita mbwembwe: spika za masikioni za elfu kumi si zinaimba vilevile? Kuimba zinaimba. Ila wanaosema hivyo wanadhani mnunuzi amefuata muziki.

Kazi yangu ni kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika. Nyuma ya ukuta kuna mashine ya kusaga, huwashwa saa mbili asubuhi. Kwa spika za bei rahisi nilipandisha sauti karibu na mwisho ili nitofautishe tu "alikuja" na "hakuja", na jioni masikio yalivuma. Hedifoni hizi zina maikrofoni ndogo zinazonasa mngurumo wa nje, kisha hutoa wimbi lililopinduliwa linaloufifisha. Zinaiweza hasa sauti nzito isiyobadilika: mota, jenereta, feni, injini ya basi safari nzima ya Dar. Mashine ya jirani inazama, unabaki mchapo wa mkanda na sauti za wateja kwa mbali. Siku moja nilimvisha mama mwenye mashine. Aligeuka haraka kuangalia kama umeme umekatika.

Sasa tuhesabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu kusikiliza kwa desibeli 80 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa 40 kwa wiki. Zikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5. Saa tano kwa wiki nzima! Nikianza kazi saa mbili asubuhi Jumatatu kwa sauti hiyo, saa saba mchana mgao wangu umekwisha, na bado Jumanne hadi Ijumaa. Kwenye simu, desibeli 9 ni kubonyeza kitufe mara chache, wala huhisi kitu siku hiyo. Chembe za kusikia zilizo ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Leo sauti yangu iko chini ya nusu, mashine ikiwa inasaga. Katika ubishi wote wa bei niliousikia kijiweni, hakuna aliyeigusa hesabu hii.

Wapinzani wana hoja, na ya joto ni nzito. Zinafunika sikio lote. Desemba, kwa unyevu wetu wa pwani, baada ya saa moja jasho limejaa. Za rafiki yangu, za kampuni nyingine, ngozi bandia ya mito ilibanduka, akawa anavua na vipande vyeusi vimemganda shavuni. XM5 hazikunjiki, XM6 za 2025 zimerudi kukunjika, na bei imepanda. Betri haina lawama: saa 30 kelele zikiwa zimezimwa, hata umeme ukikatika kazi inaendelea. Bodaboda asizivae barabarani kabisa. Na mchomeleaji au mtu wa kiwanda cha korosho anahitaji kinga za masikio za kazini, kwa sababu hizi haziwezi mgongano wa chuma wa ghafla.

Anayesikiliza nyimbo jioni tu, mahali patulivu kama Shangani, ningemwambia abaki na pesa yake. Anayeshinda ndani ya kelele saa sita kwa siku, adundulize.

Lawama inayoniuma ni ya salamu. Mtoto ametoa shikamoo mlangoni, kimya. Bibi wa nyumba ya tatu alipiga hodi, akarudia, akaondoka, akasema nimeanza kuchagua watu. Alikuwa na haki ya kuumia, nikaenda kumwomba radhi. Ukifunika upande wa kulia kwa kiganja, sauti ya nje inaingia, lakini lazima kwanza ujue kuna mtu amesimama. Kwa hiyo nimegeuza meza, sasa natazama mlango.