Korodani isiyoshuka: baada ya miezi 6 tunasubiri nini?

Mtoto ana wiki 14, amekuja kliniki kuchanjwa. Mama anapomfungua nepi, muuguzi anaona upande mmoja wa mfuko wa korodani umenywea, hauna kitu. Anapapasa, hapati kitu. "Usijali mama, itashuka yenyewe."

Hajakosea. Kati ya watoto 100 wa kiume waliozaliwa wametimiza miezi, 2 hadi 4 huzaliwa hivyo, na wakifikisha mwaka hubaki kama 1. Wanaoshauri subira wana ushahidi.

Ila subira hiyo ina mwisho, na mwisho wake hupangwa na homoni. Mtoto wa kiume akishazaliwa, ubongo wake huziamsha korodani kwa muda mfupi: LH na FSH, homoni mbili zinazotoka kwenye ubongo, hupanda, testosteroni (homoni ya kiume inayotoka kwenye korodani) hufuata, na kilele huwa kati ya mwezi wa 1 na wa 3. Wataalamu huiita balehe ndogo. Kufikia miezi 6 testosteroni imekwisha kushuka, na haipandi tena hadi abalehe. Kumwambia mama asubiri mpaka mtoto aanze shule, au mpaka atahiriwe, ni kumfanya asubiri nguvu ya homoni ambayo imeshapita.

Kinachonisumbua zaidi ni hiki. Watafiti wa Finland na Denmark waliwapima watoto wenye tatizo hili wakiwa na miezi 3. Testosteroni yao haikutofautiana na ya wenzao, lakini FSH ilikuwa juu. FSH ikipanda namna hiyo, maana yake ubongo unaisukuma korodani kwa bidii zaidi kwa sababu haiitiki inavyotakiwa. Na miezi hiyohiyo ndiyo seli changa hugeuka kuwa zile zitakazozaa mbegu baadaye. Mtoto ananyonya, anacheka, uzito unapanda. Kwa nje hakuna linaloonekana.

Sweden waliwagawa watoto kwa bahati nasibu, wengine wakapasuliwa ili korodani ishushwe wakiwa na miezi 9, wengine wakasubiri hadi umri wa miaka 3. Korodani za waliotangulia zilikua vizuri zaidi. Miezi 9 ndiyo umri wa chanjo ya surua. Mama atakuwa kliniki siku hiyo hata hivyo.

Wazazi huogopa nusu kaputi, na hofu hiyo haipaswi kubezwa. Utafiti wa nchi kadhaa uliotolewa 2019 uliwafuatilia watoto wachanga waliopasuliwa ngiri, wengi wao wakiwa usingizini chini ya saa moja. Walipofika miaka 5, akili zao hazikupishana na za waliopigwa ganzi tu. Ugumu mkubwa kwetu ni kumpata daktari aliyezoea kumpa mtoto mdogo hivyo dawa ya usingizi, na mara nyingi hiyo ni safari ya hospitali ya rufaa. Tena zipo korodani zinazojivuta juu kwa baridi na kurudi zenyewe. Hizo hazihitaji kisu. Kwa hiyo mtoto apimwe kwa mikono yenye joto, ametulia.

Sindano za homoni hushusha korodani kwa takriban mtoto 1 kati ya 5. Miongozo ya nchi za Nordiki ya 2007 na ya Marekani ya 2014 haizipendekezi.

Korodani zote mbili zisipopatikana, habari ni nyingine kabisa: mtoto apimwe homoni siku zilezile za kuzaliwa. Huyo huenda ni msichana anayeonekana wa kiume kwa sababu ya hitilafu ya tezi za juu ya figo, na anaweza kupoteza chumvi hadi kufa ndani ya wiki chache.

Yule wa wiki 14 bado ana muda. Muuguzi amwandikie kwenye kadi, kwa kalamu, tarehe atakayotimiza miezi 6: aangaliwe tena, na kama bado, aandikiwe rufaa siku hiyohiyo.