Kuhasi mbwa na paka: ugumu uko kwenye umri

Kuhasi ni kumtoa mnyama viungo vya uzazi kwa upasuaji: korodani kwa dume, na kwa jike viungo vya kizazi. Watu hubishana kama inafaa, na kwa umri gani. Kwa paka, ubishi ni mfupi: ahasiwe mapema. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, huibeba kwa wiki 9 hivi, na anaweza kupandwa tena huku bado ananyonyesha. Ule ushauri wa "mwache azae mara moja kwanza" haumwongezei afya yoyote. Dume naye akihasiwa kabla hajaanza kunyunyizia kuta mkojo, mara nyingi tabia hiyo haiji. Akishaizoea, kisu huipunguza, ila wapo wanaoendelea.

Mbwa ndiye wa kuwekwa kwenye mizani.

Hoja nzito kuliko zote ya kumhasi jike ni usaha kwenye mfuko wa uzazi. Huja wiki kadhaa baada ya joto, yaani kipindi ambacho jike yuko tayari kupandwa, hasa kwa mbwa mwenye umri mkubwa: anakunywa maji kupita kiasi, anakataa chakula, anatapika. Mlango wa kizazi ukiwa wazi, utaona uchafu chini ya mkia. Ukiwa umefunga huoni kitu, tumbo linavimba tu, na wengi hufika kwa daktari wamechelewa. Tiba yake kwa kawaida ni upasuaji uleule uliokuwa ukiahirishwa, safari hii kwa mnyama aliyekwisha dhoofika. Uvimbe wa matiti nao hutajwa sana, kwamba kuhasi kabla ya joto la kwanza huukinga. Huenda ni kweli, ingawa ushahidi wake si imara kama unavyotangazwa.

Wanaosita nao wana lao. Homoni za uzazi ndizo zinazoiamuru mifupa iache kurefuka. Ukiziondoa mapema, miguu hurefuka kupita kipimo chake na viungo hubeba mzigo vibaya. Utafiti wa mwaka 2013 wa Chuo Kikuu cha California, Davis, kwa mbwa aina ya Golden Retriever, ulikuta matatizo ya viungo yameongezeka kwa waliohasiwa kabla ya kutimiza mwaka 1. Kwa mbwa wadogo tofauti hiyo haionekani sana. Ndiyo maana mbwa mdogo anaweza kuhasiwa akiwa na miezi 6, lakini dume wa aina kubwa ni afadhali angoje hadi mwaka 1 au zaidi. Jike mkubwa ndiye fumbo: ukimwahi, huenda akavujisha mkojo usingizini miaka ya baadaye, ukimchelewesha, kila joto ni nafasi nyingine ya mimba na usaha.

Ukali unaotokana na woga usiuhesabu kabisa kama sababu ya kuhasi. Hautokani na korodani, na unaweza hata kuongezeka zikitolewa.

Ukiamua, usimpeleke jike akiwa kwenye joto: mishipa imejaa damu na huvuja kirahisi. Ngoja miezi 2 hadi 3. Dume aliyehasiwa mtenge na majike kwa mwezi mzima au zaidi, maana mbegu zilizobaki kwenye mirija bado zinatungisha. Chakula kipunguze kwa robo hivi, kisha umpime uzito kila mwezi. Unene ambao watu husema umeletwa na upasuaji huanzia kwenye bakuli lisilobadilishwa.

Dume ambaye korodani moja haijashuka, ubishi huu haumhusu. Iliyobaki tumboni ina hatari kubwa zaidi ya saratani, na zote mbili zitolewe.